Demokrasia kushika mizizi: kwa nini nchi changa hupata taabu

Kusema demokrasia imeshika mizizi si kusema kwamba uchaguzi umefanyika. Hata dikteta huitisha uchaguzi. Mizizi huonekana siku serikali inaposhindwa kwa kura ikatoka, na walioshindwa wakarudi majumbani mwao bila kufungwa wala kunyang'anywa riziki, wakijua miaka mitano ijayo watajaribu tena. Kipimo ni usalama wa aliyeshindwa. Nchi nyingi zilizopata uhuru miaka ya 1960 zilikwama hapo hapo, na Kenya, ukiitazama kutoka huku Mombasa, inaonyesha vizuri jinsi mambo yalivyokwenda.

Kwanza muda wenyewe ulikuwa mfupi mno. Waingereza walitawala tangu 1895, lakini Waafrika walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria mara ya kwanza Machi 1957: viti 8, na mpiga kura alipimwa kwa elimu, kipato na mali, hata mtu mmoja akaweza kupewa kura 3. Kura ya kila mtu mzima ilikuja Mei 1963, miezi 7 kabla ya bendera kupandishwa. Linganisha na India: chama cha Congress kilianzishwa 1885, na kufikia uhuru wa 1947 kilikuwa kimeshagombea chaguzi za mikoa na kuendesha serikali za mikoa hiyo.

La pili ni aina ya dola lililorithiwa. Mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, DO (afisa wa tarafa) na chifu wote waliteuliwa kutoka juu. Huku Mwambao walikuwepo pia maofisa wa utawala walioitwa liwali na mudiri, nao hawakupigiwa kura. Mkutano wa hadhara ulihitaji kibali. Mtu aliweza kuwekwa kizuizini bila kesi. Dola hilo lilijengwa kuamuru na kukusanya kodi, halikujengwa kusikiliza. Uhuru ulibadilisha waliokalia viti, viti vyenyewe vikabaki vile vile.

La tatu ndilo zito kuliko yote, na mtu wa Mombasa analiona kila siku akipita bandarini Kilindini. Nchi changa haina viwanda vingi wala waajiriwa wengi wa kutozwa kodi ya mapato. Pesa iliyo rahisi kukusanya ni ile inayopita mlangoni: ushuru wa forodha, leseni ya kuagiza bidhaa, kibali cha kusafirisha kahawa au chai, misaada na mikopo ya nje. Anayeshika serikali ameshika lango, na nje ya lango hakuna utajiri mwingine wa maana wa kukimbilia. Mwanasiasa aliye upinzani hana barabara ya kuwapa watu wake, hana kazi, hana ploti. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo wafuasi humkimbia. Kushindwa uchaguzi kunakuwa sawa na kufukuzwa sokoni, na mtu wa namna hiyo hukubali kuiba kura, au kupigana, kuliko kushindwa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema chanzo ni ukabila. Ukabila upo na umeua watu. Lakini India ina mamia ya lugha na imeendelea kupiga kura. Makabila hukazana pale kila kitu kinapopitia tundu moja, na kila jamii ikaamini bila mtu wao tunduni haitapata kitu.

Sasa tazama jinsi vizuizi vya katiba dhidi ya serikali kuu vilivyong'olewa. Katiba ya uhuru iliigawa Kenya katika mikoa 7 yenye mabaraza ya kuchaguliwa, kando na Nairobi. Hiyo ndiyo iliyoitwa majimbo. Ronald Ngala, kiongozi wa KADU, chama kilichotetea majimbo, aliongoza Baraza la Mkoa wa Pwani. Palikuwa na Seneti ya wajumbe 41, na kubadilisha vipengele vinavyolinda mikoa kulihitaji asilimia 90 ya maseneta. Kwenye karatasi, ukuta ulikuwa mrefu.

Haukubomolewa kwa kifaru. Serikali kuu ilizuia fedha na madaraka ya mikoa, na wabunge wa KADU wakavuka mmoja mmoja kwenda KANU, chama kilichoshika serikali, kwa sababu maendeleo yalikuwa upande ule. Novemba 1964 KADU ikajivunja, na tarehe 12 Desemba Kenya ikawa jamhuri yenye rais mwenye nguvu. Mwaka 1965 kiwango cha kubadilisha katiba kikashushwa hadi asilimia 65. Mwaka 1966 mbunge anayehama chama akalazimishwa kurudi kwa wapiga kura, sheria iliyowalenga waliomfuata Oginga Odinga, aliyekuwa makamu wa rais, kwenye chama kipya cha upinzani, KPU. Kuweka watu kizuizini bila kesi kukaruhusiwa hata wakati wa amani. Seneti ikamezwa na baraza la chini. KPU ikapigwa marufuku 1969. Mwaka 1982 chama kimoja kikawa sheria, na 1988 watu wakapanga foleni nyuma ya wagombea, ule uliojulikana kama mlolongo. Karibu kila hatua Bunge liliipitisha kihalali, na hilo ndilo la kutisha: sheria ilitumika kuondoa sheria. Hata vyama vingi viliporudi, Mombasa ilishuhudia 1992 chama cha Kiislamu cha IPK kikinyimwa usajili.

Katiba ya 2010 ilijifunza kutokana na hayo. Kaunti ni 47, Mombasa ikiwa namba 001, na zinastahili angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Kugusa ugatuzi, yaani madaraka ya kaunti, kunahitaji kura ya maoni, na angalau asilimia 20 ya waliojiandikisha wapige kura katika kila moja ya angalau nusu ya kaunti. Chama kilichoshindwa urais kinaweza kushinda ugavana au viti vya Seneti, kwa hiyo hakifukuzwi sokoni moja kwa moja. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta ushindi wa rais aliyekuwa madarakani, naye akarudi kwenye kura.

Ila fedha za kaunti bado hutoka Hazina ya Taifa, na mara nyingi huchelewa kwa miezi, mishahara ya zahanati ikangoja. Bandari ya Kilindini nayo imebaki mikononi mwa serikali kuu.