Kinywa cha Anayesomea Meno

Kabla wanafunzi wangu hawajachunguzana vinywa kwa mara ya kwanza, humpa kila mmoja karatasi tupu. Aandike meno yake yakoje na anadhani anahitaji huduma gani. Kisha anapanda kwenye kiti, na mwenzake anashika kioo na probu, kile kijiti chembamba cha chuma cha kupimia meno na fizi.

Wengi huandika yanayoonekana kwenye selfi: rangi, mpangilio, jino lililopinda. Msichana mmoja aliyekulia chini ya Mlima Meru, Arusha, aliandika, "Nataka kutolewa madoa," basi. Madoa yake ya kahawia yanatokana na floridi nyingi, madini yaliyomo katika maji. Maji ya kule hupita kwenye miamba ya volkano, naye aliyanywa utotoni, meno yakiwa bado yanajijenga ndani ya taya. Yanamnyima raha ya kucheka, na siwezi kuliita hilo jambo dogo. Lakini probu ilipopita nyuma ya meno yake ya mbele ya chini, fizi zilitoka damu, na ugaga, yaani ukoga uliokuwa mgumu, ulikuwa umeshika jino hadi jino. Mate ya tezi za chini ya taya hutokea hapo hapo, yamejaa madini. Ukoga usiposwakiwa hugeuka jiwe. Kwa kuwa hapakuwa na maumivu, hakuwa na la kuandika.

Mwaka 1972 Jonathan Bradshaw, mtaalamu wa sera za jamii wa Uingereza, alitenganisha aina nne za mahitaji, miongoni mwake lile analolihisi mtu mwenyewe na lile linaloamuliwa na mtaalamu. Mwanafunzi wa meno anabeba yote mawili katika kinywa kimoja.

Lipo dodoso la Makoto Kawamura wa Hiroshima, Japani, la mwaka 1988, kuhusu jinsi mtu anavyotunza meno yake: sentensi 20, unakubali au unakataa. Limetumika kwa wanafunzi wa meno katika nchi nyingi, na kwa kawaida walioanza kliniki huwazidi alama wale wa miaka ya mwanzo. Ninayoitazama kwanza mimi ni sentensi ya kuahirisha kwenda kwa daktari mpaka jino liume. Hapo nimeona hata wanaokaribia kuhitimu wakikubali.

Kinachowazuia, kwa wengi niliozungumza nao, ni aibu. Mtu ataonaje mwalimu wake akihesabu matundu kinywani mwake? Basi anamwomba rafiki amsafishe jioni kliniki ikishafungwa, bila faili wala picha ya eksirei. Hilo linanitia hofu, maana umri wao ndio hasa wa magego ya mwisho kuota, na gego lililolala ndani ya taya halionekani kwa kioo.

Siku hizi karatasi zile sizikusanyi. Wanakaa nazo, wanajaza upande wa pili yale aliyoyakuta mwenzao, halafu kila mmoja anafunguliwa faili kama mgonjwa mwingine yeyote, kwa daktari asiyewasahihishia mitihani. Binti wa Meru alisafishwa kwa miadi miwili. Madoa tutayashughulikia fizi zikishapona.