Je, nguo za mtumba ni za marehemu?

Imani hii ni ya miaka mingi Afrika Mashariki: kwamba nguo za mtumba, hasa zile za kizamani ambazo vijana wanazisaka siku hizi, zilikuwa za watu waliokufa. Si ajabu kuamini hivyo. Koti zuri namna ile, nani angelitoa akiwa hai?

Wengi tu. Nyingi hutolewa sadaka na watu walionenepa, waliohama au waliochoshwa na mtindo. Za marehemu zimo, familia zinaposafisha kabati, ila ni sehemu tu ya mzigo. Huchambuliwa kwa madaraja, hushindiliwa kuwa marobota, kisha huingia kontena.

Robota likifunguliwa sokoni Gikomba, Nairobi, au Karume, Dar es Salaam, sogea uangalie. Utaona nguo za watoto waliokua haraka, fulana za mbio za hisani, hata blauzi yenye kikaratasi cha bei bado kinaning'inia. Umri nao husomeka ndani ya kola: lebo inayotaja West Germany kwa kawaida ni ya kabla ya Oktoba 1990, Ujerumani ilipoungana. Wachaguaji wazoefu hugeuza kola kwanza, rangi baadaye.