Kuhuisha kingo za mto mjini maana yake nini hasa (siyo mabenchi tu)

Ukisikia "kuhuisha kingo za mto" kwenye mipango ya miji siku hizi, picha inayowajia watu wengi ni pevingi, taa za sola, mabenchi na sehemu ya kupigia selfi. Hiyo ni sehemu ndogo ya kazi, tena ile ya mwisho kabisa. Dhana yenyewe ina kazi mbili zinazokwenda pamoja: kuurudishia mto uhai wake, yani maji safi, mimea, samaki, wadudu na nafasi ya kufurika, alafu kuwarudishia watu wa mji mto wao, waweze kuufikia, kupita kando yake kwa miguu, kukaa, watoto wacheze bila kutozwa wala kufukuzwa.

Tuchukue Iringa. Mji uko juu kilimani, mto Ruaha Mdogo unapita chini bondeni pale Ipogolo, kwa hiyo mvua ikinyesha kila kilichoachwa kwenye mitaro huko juu kinashuka, machupa, pampasi, oili chafu ya gereji, udongo wa viwanja vilivyochongwa ubavuni mwa mlima. Na mto huo huo ndio chanzo cha maji ya bomba ya mjini, alafu unaenda kuungana na Ruaha Mkuu na kuingia bwawa la Mtera, halafu Kidatu, mitambo ya umeme ya megawati 80 na megawati 204. Udongo ukitoka kwenye kingo iliyolimwa hadi ukingoni haupotei jamani, unasafiri unaenda kutuama bwawani. Mbeya nako vijito vinashuka toka mlima Loleza vinakatiza katikati ya makazi, hadithi ni ile ile.

Sasa kazi inaanzia wapi? Kwenye maji. Kabla ya kupanda ua hata moja unatembea na mtaro mmoja mmoja kujua unaleta nini, choo cha nani kinafunguliwa usiku wa mvua, taka za mtaa gani hazibebwi kwa wakati. Kuweka bustani kando ya mto unaonuka ni kumpaka poda mgonjwa wa malaria.

Kisha kingo. Hapa ndipo watu wanapokosea sana kwa sababu akili inakimbilia zege, mto ukila kingo tunajenga ukuta. Zege linayapa maji mbio, mafuriko yanahamia kwa jirani wa chini, na hakuna kiumbe kinachoota wala kutaga kwenye ukuta. Mimea ya ukingoni inafanya mengi kwa mpigo, mizizi inashika udongo, matete na nyasi vinachuja tope, kivuli kinapoza maji na maji ya baridi yanabeba oksijeni nyingi zaidi kwa hiyo samaki wanapumua. Ila siyo kila mti, huku kwetu milingoti (mikaratusi) imepandwa mpaka kwenye vyanzo kwa sababu ya hela ya nguzo na mbao, na inakunywa maji kweli kweli. Inayoshauriwa ni miti rafiki wa maji kama mivengi na mizambarau, na mianzi pia inashika kingo vizuri (na ulanzi juu yake, ile pombe ya mianzi, tusijifanye hatuujui).

Singapore walifanya hii kwa vitendo kwenye mto Kallang, sehemu inayopita bustani ya Bishan-Ang Mo Kio. Ulikuwa mfereji wa zege ulionyooka wa kilomita 2.7, wakauvunja wakaurudisha uwe mto unaopinda wa kilomita 3.2, ukafunguliwa 2012. Mvua isiponyesha watu wanashuka mpaka majini, mvua kubwa ikija zile nyasi zenyewe ndio zinakuwa njia ya maji. Kule Seoul nako walibomoa barabara ya juu iliyokuwa imefunika kijito cha Cheonggyecheon wakakifungua 2005, kilomita 5.8, watu wanakipenda, lakini maji mengi yanasukumwa na pampu kutoka mto Han, kwa hiyo mimi naona walifaulu kwenye watu kuliko kwenye mto.

Watu ndio sehemu ngumu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sawa, lakini mama mwenye kinyungu cha mboga anayelima kiangazi bondeni kama alivyolima bibi yake, kijana anayefyatua tofali, anayeosha bodaboda, hao ukiwafukuza kwa greda halafu ukaweka geti na kiingilio, umewatoa wenye mto ukawaingiza wageni. Mpango unaoeleweka unawatafutia nafasi, mboga zinasogea nyuma ya ukanda wa miti, sehemu ya kuoshea inajengwa mbali na maji ikiwa na shimo la kunyonya maji machafu, njia ya miguu inaachwa wazi kwa wote. Kwa mradi wa bonde la Msimbazi kule Dar, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, kuwahamisha na kuwalipa watu ni kazi kubwa peke yake.

Na kama unataka kuulizia kwenu, jua milango ni zaidi ya mmoja. Mto wenyewe na vibali vya kutumia maji yake viko kwa bodi ya maji ya bonde, ya Rufiji iko Iringa, ya Ziwa Rukwa iko Mbeya. Taka, mitaro na ramani za viwanja ni halmashauri. Barua peleka kote, ukipeleka upande mmoja watakuambia suala hilo ni la wale wengine.