Je, wajua kwa nini raga ya Sauzi ilisubiri mpaka 2018 kupata nahodha mweusi?

Ile picha ya Mandela kavaa jezi ya kijani namba 6, anamkabidhi nahodha Francois Pienaar Kombe la Dunia la raga pale Ellis Park, Johannesburg, Juni 24, 1995, karibu kila mtu ashaiona. Sasa itafute tena halafu uwaangalie wale 15 walioanza fainali dhidi ya New Zealand, utakuta asiye mzungu ni mmoja tu, winga Chester Williams. Wazungu kwenye ile nchi ni wachache, uchaguzi huru ulishafanyika mwaka mmoja nyuma, rais mwenyewe ni Madiba, na timu ya taifa ina mtu mmoja. Wakaja wakachukua tena kombe 2007 kule Ufaransa, safari hii walioanza ni wawili, Bryan Habana na JP Pietersen. Halafu 2019 Yokohama wako sita, na anayenyanyua kombe ni nahodha Siya Kolisi, mtoto wa Zwide, mtaa wa Port Elizabeth, uswahilini kabisa. Sasa miaka yote hiyo walikuwa wapi?

Jibu la vijiweni ni kwamba weusi wa Sauzi ni watu wa soka, raga ni ya Makaburu, wao wameijua juzi juzi tu. Hapana aisee. Nenda Eastern Cape, huko Port Elizabeth (siku hizi inaitwa Gqeberha), East London, King William's Town, vijiji vya Waxhosa, raga ipo tangu karne ya 19. Wamisionari Waingereza walifungua shule wakawa wanafundisha Biblia, Kiingereza, kriketi na raga vyote kwa pamoja, na klabu ya weusi iliyoitwa Union ilianza Port Elizabeth mwaka 1887. Timu ya taifa ya Sauzi ilicheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa 1891. Yaani weusi walikuwa na klabu yao miaka minne kabla nchi haijawa na timu.

Kilichofuata mnakijua, ubaguzi. Kila rangi ikawa na chama chake cha raga, wazungu chao, ma-Coloured (machotara) chao, weusi chao, na ile jezi ya timu ya taifa, Springboks, wakaishika wazungu peke yao. Watu hawakuacha kucheza lakini. Mwaka 1971 pale Port Elizabeth kikaundwa chama cha raga cha Kwazakhele, maarufu kama KWARU, kikiongozwa na watu kama mfanyabiashara Dan Qeqe, wakajenga mpaka uwanja wao Zwide, na walikataa katakata kucheza chini ya mfumo wa Makaburu. Kauli yao na wenzao ilikuwa hakuna michezo ya kawaida kwenye jamii isiyo ya kawaida. Springboks ikicheza na wageni, weusi walikuwa wanawashangilia wageni.

Na sisi huku hatukuwa mbali na hilo sakata. Mwaka 1976 All Blacks, timu ya raga ya New Zealand, ilienda kucheza Sauzi, risasi za Soweto hata hazijapoa, nchi za Afrika zikataka New Zealand ifungiwe Olimpiki ya Montreal, ombi likakataliwa, basi zikasusa. Tanzania haikushiriki, Kenya pia, ndo maana Filbert Bayi aliyekuwa kavunja rekodi ya dunia ya mita 1500 pale Christchurch 1974 hakukutana na John Walker wa New Zealand, na Walker akabeba dhahabu. Kwa hiyo mtu akikwambia raga haituhusu, mkumbushe hiyo.

Errol Tobias alipata kuwa asiye mzungu wa kwanza kuichezea Springboks kwenye mechi rasmi, 1981, enzi ubaguzi bado umeshamiri, wengi wa upande wake wakamwona msaliti. Vyama vikaungana 1992. Hapo ndo watu walidhani kazi imeisha, ungesema ukishavunja ukuta basi maji yatajipeleka yenyewe.

Hayakujipeleka, na sababu ukiijua inaudhi. Mchezaji wa Springboks hatengenezwi akiwa na miaka 22, anatengenezwa kati ya miaka 13 na 18, tena shuleni, kwenye shule chache sana ambazo unaweza kuzitaja bila kupumzika: Grey College ya Bloemfontein, Paarl Gimnasium, Paarl Boys' High, Paul Roos ya Stellenbosch, Affies ya Pretoria na nyingine za aina hiyo. Zilikuwa za wazungu, zina viwanja vya nyasi vingi, jimu, makocha wa kulipwa, bweni, na kikubwa kuliko vyote zina chakula. Raga ni mchezo wa miili jamani. Mtoto anayelala na mkate na chai hata awe na kipaji cha namna gani, akikutana na kijana wa rika lake anayekula nyama na mayai kila siku na kunyanyua vyuma, anapepetwa. Kutoka kwenye shule hizo vijana wanaenda Craven Week, mashindano ya mikoa ya vijana chini ya miaka 18 yaliyoanza 1964, maskauti wamekaa pembeni na mikataba mkononi. Ukikosa hiyo wiki umeachwa na basi.

Serikali na chama cha raga wakaja na kota, timu iwe na idadi fulani ya weusi. Mi sio mpinzani wa kota, bila kusukumwa wale mabosi wasingesogea hata inchi. Lakini kota iliwekwa juu kabisa, kwenye timu ya taifa na timu za mikoa, wakati tatizo liko chini. Matokeo yake mchezaji mweusi anaitwa, anakaa benchi ili hesabu itimie, akikosea kidogo anaambiwa wewe umeingia kwa kota tu. Kuna walioishi na hilo jina hata baada ya kushinda makombe. Mpaka 2016 waziri wa michezo Fikile Mbalula aliufungia mchezo wa raga, pamoja na kriketi, netiboli na riadha, kuomba uenyeji wa mashindano makubwa kwa kuchelewesha mabadiliko, adhabu ikaja kuondolewa mwaka uliofuata.

Kolisi mwenyewe ndo mfano unaoeleza mfumo wote. Kazaliwa Juni 16, 1991, siku moja kabla sheria ya kuwaandikisha watu kwa rangi haijafutwa, kalelewa na bibi yake, njaa anaijua kwa jina. Raga kajifunzia African Bombers, klabu ya mtaani Zwide, sio kwa mzungu. Akiwa na miaka 12 alienda kwenye majaribio akacheza na kaptula ya ndani kwa sababu hana bukta ya michezo, akaonwa, akapata ufadhili wa kwenda shule ya Grey ya Port Elizabeth (sio ile ya Bloemfontein). Huko ndo akaanza kula akashiba kila siku. Sasa jiulize, mtaani mle alikuwa peke yake mwenye kipaji?

Kocha Rassie Erasmus alipoishika timu ya taifa 2018 alifanya kitu ambacho kota haikufanya, aliwapa weusi dakika za kucheza, tena mapema na kwa wingi, wazoee, wakosee, warudi. Akampa Kolisi unahodha dhidi ya England Juni mwaka huo huo pale Ellis Park. Walianza kwa kuchapwa 24-3, watu wakaanza maneno yao, mechi ikaisha 42-39 kwa Springboks, na yosso Sbu Nkosi aliyekuwa anacheza kwa mara ya kwanza akafunga trai mbili, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani.

Kuna jambo moja la fainali ya 2019 naona halisemwi vya kutosha. Sauzi ilishachukua makombe mawili bila kufunga trai hata moja kwenye fainali, 1995 na 2007 zote walishinda kwa mateke. Trai ya kwanza ikaja Yokohama, Makazole Mapimpi kaupiga mpira mbele kwa mguu, Lukhanyo Am kauokota, kamrudishia, Mapimpi kaweka chini. Wote wawili wa Eastern Cape. Mapimpi katokea kijijini Tsholomnqa, hakupita shule yoyote ya vigogo, alipanda kupitia timu ndogo mpaka akafika. Cheslin Kolbe akaongeza ya pili, 32-12. Na tofauti nyingine, wale wawili wa 2007 wote walikuwa ma-Coloured, Mwafrika mweusi hakuwepo hata mmoja kati ya walioanza. 2019 walikuwa watano, akiwemo Tendai Mtawarira mzaliwa wa Zimbabwe. Ukihesabu wote kwa pamoja kama 'weusi', hiyo tofauti huioni.

Mwaka 2023 wakachukua la nne, 12-11 mbele ya New Zealand, Kolisi nahodha tena, na siku hizi neno kota hulisikii sana. Ila njia kuu bado ni ile ile, mtoto anachukuliwa mtaani anapelekwa shule tajiri kwa ufadhili, mmoja mmoja. Uwanja, kocha na chakula haviendi mtaani kwake. Na timu nne kubwa za Sauzi zinazocheza ligi ya pamoja na vilabu vya Ulaya ni Bulls ya Pretoria, Lions ya Johannesburg, Sharks ya Durban na Stormers ya Cape Town. Eastern Cape ilikuwa na Southern Kings, ikafilisika ikafungwa 2020. Kwa hiyo kijana wa Zwide leo akiwa mzuri vipi, lazima ahame kwao ndo ale mkate wa raga, kama Kolisi alivyohamia Cape Town halafu Durban.