Elimu ya ualimu wa fizikia: maana yake na kazi zake

Elimu ya ualimu wa fizikia ni shahada inayomwandaa mtu kufundisha fizikia, hasa katika shule za sekondari. Mara nyingi huchukua miaka mitatu au minne. Wengine huanza na shahada ya fizikia, kisha huongeza mafunzo ya ualimu.

Wapo wanaodhani ni fizikia iliyopunguzwa makali. Sivyo. Anayeisoma hupita kwenye mekanika, umeme na sumaku, mawimbi, joto na fizikia ya kwanta, pamoja na hisabati inayobeba yote hayo. Kinachopungua ni baadhi ya masomo ya kubobea. Nafasi yake huchukuliwa na saikolojia ya ujifunzaji, upimaji, na mazoezi ya kufundisha katika shule halisi, huku mkufunzi ameketi nyuma ya darasa akiandika.

Lakini moyo wa taaluma hii uko kwingine. Mwaka 1986 mtaalamu wa elimu Mmarekani, Lee Shulman, alieleza kwamba mwalimu ana maarifa ya namna yake, yaani kujua mada fulani humkwamisha mwanafunzi wapi na kwa nini. Katika fizikia maarifa haya hayakwepeki, kwa sababu hakuna mwanafunzi anayeingia darasani kichwa kitupu. Tangu utotoni amesukuma, amerusha, ameangusha, na amejitungia kanuni zake. Rusha jiwe juu, kisha uliza ni kani zipi, yaani misukumo au mivuto, zinazofanya kazi juu yake linapopanda. Wengi watataja kani ya mkono, kana kwamba jiwe limeondoka nayo. Kumbe likishaachiwa, limebaki na uvutano wa dunia na ukinzani mdogo wa hewa, basi. Au unganisha balbu mbili zinazofanana kwa mfuatano. Wengi watatarajia ya kwanza itumie sehemu ya mkondo wa umeme, na ya pili ififie. Kumbe ammita, kifaa cha kupima mkondo, husoma sawa kabla, katikati na baada ya balbu hizo.

Mtu anaweza kukokotoa hesabu za kani bila kosa huku bado anaamini habari ya mkono. Ndiyo maana mwanafizikia Mmarekani David Hestenes na wenzake walichapisha mwaka 1992 jaribio la maswali ya kuchagua kuhusu kani, yasiyodai ukokotoaji, ili kufichua imani hizo. Kwangu mimi, mwalimu asiyejua kuzitafuta anasahihisha majibu tu.

Kuhusu ajira, njia kuu ni darasa la sekondari, na walimu wa fizikia ni adimu katika nchi nyingi. Hata Uingereza imekosa mara kwa mara kufikia malengo yake ya kuwapata wapya. Nje ya darasa kuna kuandaa mitaala na mitihani, kuandika vitabu vya kiada, kutengeneza programu za kujifunzia, kusimamia maabara za shule, na kazi za elimu katika makumbusho ya sayansi. Mwenye uzamili au uzamivu anaweza kufundisha chuoni. Shahada hii peke yake, hata hivyo, haimfanyi mtu kuwa mhandisi, na mahali pengi humlazimu kusajiliwa kabla ya kufundisha.

Unapochagua chuo, uliza mazoezi ya kufundisha ni ya wiki ngapi, na kama utafunga saketi na kupanga majaribio kwa mikono yako mwenyewe.