Mombasa haikuanzia Ngomeni

Mgeni akifika Mombasa hupelekwa kwanza Ngomeni, yaani Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno, na wengi hutoka pale wakiamini kwamba mji huu uliasisiwa na Wareno. Hata watoto wetu wa shule hurudi nyumbani na hadithi hiyo, jambo linaloniuma.

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipita Mvita, jina la kale la Mombasa, mwaka 1331. Alikuta Waislamu wa madhehebu ya Shafii, misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na ndizi na malimau. Vasco da Gama, baharia wa Kireno, alifika Aprili 1498. Mwaka 1505 Mreno mwenzake, Francisco de Almeida, aliuvamia mji, akaupora na kuutia moto, na mji uliochomwa ni mji uliokuwapo. Ujenzi wa Ngome ulianza 1593, zaidi ya karne mbili na nusu baada ya Ibn Battuta. Makazi ya kale zaidi yalikuwa kaskazini ya Mji wa Kale wa leo, upande wa hospitali kuu, na kwa kuwa majengo ya sasa yamekaa juu yake, mgeni hana cha kuonyeshwa.

Dhana ya pili ni kwamba Ngome ilikuwa mikononi mwa Wareno moja kwa moja hadi Waingereza walipokuja. La hasha. Mwaka 1631 Sultan Yusuf bin Hasan wa Mombasa, ambaye Wareno walimchukua angali mtoto, wakamlea Goa, koloni lao huko India, na kumbatiza, aliwageuka akamuua kamanda wao na kuitwaa Ngome. Baadaye Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Katika mzingiro huo maradhi yaliua watu wengi kuliko risasi, na miongoni mwa waliokuwa ndani wakiilinda walikuwamo Waswahili wa Faza, mji wa kisiwani Pate, wakipigana upande wa Wareno. Kwa hiyo anayesimulia vita vile kama Wareno kwa Waarabu tu amewafuta wenyeji. Wareno walirudi 1728, wakafukuzwa mwaka uliofuata. Wakafuata Mazrui, ukoo wa Kiarabu wenye asili ya Omani, waliotawala hadi 1837. Waingereza nao waliigeuza jela, tangu 1895 hadi 1958.

Utasikia pia kwamba Ngome ilijengwa ili kuwafungia watumwa. Ilijengwa kuilinda bandari na njia ya merikebu za Ureno kwenda India. Biashara ya utumwa ilikuwapo pwani hii na haifai kufichwa, lakini anayetaka kuifuatilia avuke kisiwa aende Kengeleni, kule Frere Town, kituo cha wamishonari kilichoanzishwa miaka ya 1870 kuwapa makao watu waliokombolewa. Kengele yenyewe ingali pale kando ya barabara.

Dhana nyingine: zile pembe kubwa zilizopinda juu ya barabara ya Moi Avenue si pembe za ndovu halisi. Ni bati la alumini, na ziliwekwa miaka ya 1950 kuwalaki wageni wa ufalme wa Uingereza.

Haller Park, bustani ya miti na wanyama huko Bamburi, nayo si msitu wa asili. Ilikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, ardhi tupu isiyoota kitu. Kuanzia 1971 René Haller na wafanyakazi walipanda mivinje, kisha wakaleta majongoo ili wayale majani yaliyoanguka, na kinyesi chao kikawa udongo.

Halafu kuna zile nyumba za Mji wa Kale zenye milango ya nakshi na roshani za mbao, ambazo wageni huzipiga picha wakiziita za Wareno. Nyingi ni za karne ya 19 na mwanzo wa 20, na wenyewe ni Waswahili, Waarabu na Wahindi waliokaa mitaa hii. Ukitafuta jengo lililoitangulia Ngome, nenda Msikiti wa Mandhry. Ulijengwa karibu mwaka 1570 na ungali ukisaliwa sala tano. Asiye Mwislamu autazame kwa nje akiwa amejisitiri, na mwenye swali angoje watu watoke kuswali awaulize.