Kunyoa mtoto hakuongezi nywele

Hapa Kisenyi, Kampala, mtoto akizaliwa tu utasikia mashangazi wanasema mnyoeni mara tatu nywele zije nzito. Mimi pia niliamini hivyo miaka mingi. Lakini vishimo vya nywele, pale mzizi unapokaa, vinatengenezwa mtoto akiwa bado tumboni, ngozi ya juu na ya chini zinatumiana ujumbe kwa protini za ukuaji, protini hii inasema ota hapa, ile inasema hapa acha, na akishazaliwa kwa kawaida vipya haviongezeki, kinachobaki ni nywele kukua, kupumzika, kung'oka na kuota tena. Wembe unakata uzi uliokufa, mzizi hauna habari. Zinaonekana nzito sababu ncha imekatwa butu, basi.

Na hizo protini si mbolea ati. Mwanasayansi Stanley Cohen, aliyepata Nobel 1986, alidunga watoto wa panya mojawapo ya protini hizo, wakafungua macho mapema, halafu ikaja kuonekana inachelewesha nywele zao!

Kunyoa siku ya saba kwa akika ni ibada, hilo jambo lingine kabisa.